Hafsa na Watani Wake wa Choma

Wifi yangu Hafsa ni Mzaramo, na nalisema hilo mapema ili mtu asije akanilaumu baadaye kwamba nilimficha. Siku kaka yangu Mfaume alipomleta nyumbani kwetu hapa Ng'ambo kumtambulisha, nilimtazama juu mpaka chini nikasema, "Kaka, wanawake wote waliojaa Tabora hii umewakosa, ukaona utuletee mla mihogo?" Wageni wakashika vinywa. Hafsa bado yuko mlangoni, mkoba mkononi, hajakaribishwa hata kiti, akanijibu, "Bora mla mihogo kuliko nyie mliobebeshwa meno ya tembo mpaka pwani, mkafika kwetu ndimi nje, tukawapa maji." Loo! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamwambia mama, huyu anafaa, tusimwachie.

Asiyejua mambo haya angedhani tunagombana. Sisi Wanyamwezi, pamoja na ndugu zetu Wasukuma, ni watani wa Wazaramo tangu enzi za misafara, mababu walipokuwa wakikatiza kwao na mizigo kichwani, kwenda na kurudi. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako. Anaweza kuja msibani kwako akajilaza katikati ya njia, akagoma kutoka mpaka apewe chochote, na wewe mfiwa utacheka huku machozi yanakutoka. Kununa huruhusiwi. Ukinuna watu watasema huyu hakulelewa. Kwa hiyo nikimtukana Hafsa humu ndani, mnielewe. Nampenda kuliko baadhi ya niliozaliwa nao tumbo moja, ila ugali hajui kusonga, na hapo sitanii.

Baba yake aliletwa Tabora na kazi ya reli, akastaafu akabaki. Hafsa kazaliwa hapahapa, kasoma hapahapa, ana stashahada ya maendeleo ya jamii, na kazi yake ni kuuliza watu maswali. Shirika likitaka kujua watu wanakula nini, wanalala kwenye chandarua au wamekigeuza uzio wa kuku, basi anaitwa Hafsa. Anapanda basi, anapanda bodaboda, anafika kijijini na simu yake ya kurekodi, anauliza. Akirudi anachapa yote waliyosema, neno kwa neno, anawapelekea waliomtuma.

Na aliipatia kazi hiyo, msione namsifu kwa sababu ni wifi. Wenzake wakifika mahali wanapewa kiti, wanapewa maji, kisha wanapewa majibu ya adabu yasiyo na kitu ndani. Hafsa haombi kiti. Anaingia uani na kelele zake, "Nyie Wasukuma, mmebakiza michembe yenu ya viazi au mmeifagia yote kama kawaida yenu?" Na hao kinamama wanaacha kazi, wanamtukana, anawatukana, vumbi linatimka. Wakija kutulia wanakuwa wameshamwambia mambo ambayo hata padri wao hajayasikia. Utani ndio uliokuwa ufunguo wake. Bila huo, Hafsa ni mwanamke mfupi mwenye simu.

Sasa mwaka jana akachukuliwa na Dokta Elieth. Si daktari wa sindano, ni wa vitabu, anafundisha chuo kimoja hapa mjini. Mwanamke mpole, anaongea chini kwa chini mpaka unalazimika kumsogelea, na hata akisoma mambo mazito anatafuna karanga. Dokta alitaka kuchunguza nani ana kauli juu ya mifugo ndani ya nyumba, mume au mke, na mahali palipochaguliwa ni kata ya Choma, kule Igunga. Nyuma yake kulikuwa na shirika lenye mpango wa kugawa mbuzi wa maziwa kwa wanawake. Kila mbuzi angeandikwa kwa jina la mama mwenyewe, na kikundi chao kingemlinda, asiuzwe bila yeye kukubali. Shirika likasema, kwanza tuambieni ni wapi wanawake hawana kauli kabisa, tuanzie huko.

Hafsa akaenda Choma, akauliza, akarudi, akachapa. Dokta akasoma, akafurahi kupita kiasi. Akamwambia, "Hafsa, haya si ya kuishia kwenye ripoti. Tuandike makala, tuipeleke jarida la kisayansi. Jina lako litakuwa la pili, baada ya langu." Na akaongeza kwamba makala ikitoka atamwandikia barua ya kumwombea ufadhili wa shahada. Hafsa aliutamani huo usomi tangu kabla hajaolewa. Siku aliponipa habari hiyo alinikumbatia na mikasi yangu mkononi, nusura tutoboane.

Kwake kuna watoto na kelele, hivyo makala ilitengenezewa kwangu. Mimi ni fundi cherehani, nina chumba cha mbele chenye meza ya kukatia na umeme wa uhakika, umeme ukiwepo. Akaweka kompyuta yake upande mmoja, mimi na vitambaa vyangu upande wa pili. Jamani, sikujua kama sayansi ina mateso namna ile. Jarida lenyewe liko ughaibuni, na lina masharti kuliko mganga! Maneno yasizidi kiasi fulani. Mistari yote iwekwe namba pembeni. Vitabu vilivyotajwa viorodheshwe mwishoni, nukta hapa, mkato pale, na ukikosea mkato mmoja wanakurudishia. Majedwali yakae peke yake, picha ziwe kali zisizo na ukungu. Nikamuuliza, "Na chupi waandishi wavae rangi gani, hawajasema?" Akacheka, akanirushia kipande cha pamba.

Ilikuwa katika siku hizo nikamwambia anisomee na mimi nisikie, maana nimewakopesha meza bila hata kujua wanapika nini. Akanitafsiria muhtasari. Makala ilikuwa inasema kwamba tofauti na watu walivyodhani, wanawake wa Choma ndio wenye kauli ya mwisho juu ya mifugo, na waume zao hawauzi kitu bila ruhusa. Hivyo miradi ya kuwapa wanawake mifugo kwa majina yao ingefaa ielekezwe kwingine kwenye shida. Na juu kabisa, kwenye kichwa cha makala, waliweka maneno ya mama mmoja aitwaye Koleta, mke wa Masanja. Maneno yenyewe ni haya: "Akitaka kuuza hata mbuzi, anapiga magoti kwanza."

Nilicheka nikajichoma sindano. "Koleta gani huyo? Wa Choma? Hafsa we, huyo alikuwa anakutania!"

Nilisema kwa mzaha tu, naapa. Nilingoja anirudishie tusi. Hakurudisha. Alikuwa ameinama juu ya kompyuta, kidole kimesimama.

"Wifi," nikamwambia, "usinitishe. Dokta anajua?"

Akatikisa kichwa. Ndipo akafunguka yote. Siku ile walikuwa uani kwa Koleta, kinamama wamezunguka wanabangua karanga. Hafsa akaona wamepoa, akawachokoza kama anavyochokoza siku zote. Aliwaambia, "Nyie hapa mmeolewa au mmefungwa kamba? Naona mnaburutwa tu kama ndama." Mtani kawatupia hilo, wao wakae kimya? Koleta akadakia la magoti. Wa pili akasema wake haendi mnadani mpaka ampe nauli. Wa tatu akasema yeye humchapa wake kwanza, kisha ndipo humpa ruhusa. Kila mmoja akamzidi mwenzake, wakagaragara, naye Hafsa akagaragara nao. Simu ilikuwa inarekodi. Alikusudia kicheko kikiisha aulize upya, sawasawa, kama watu wazima. Gari la mradi likapiga honi, dereva kanuna, wenzake wameshapanda. Akaondoka.

"Wakati wa kuchapa," akasema, "nikaandika walichosema. Hakuna neno hata moja nililowaongezea, wifi. Ila kicheko sikukiandika. Na lile neno langu la kuwachokoza nikaliruka."

"Kwa nini uliruka?"

"Niliona aibu. Dokta angesema nimefanya kazi kihuni. Nikajua nitarudi Choma wiki inayofuata nirekebishe. Kabla sijarudi akawa ameshasoma, ananipigia simu, anafurahi, ananiita mwenzangu. Nikasema kesho nitamwambia. Na ile kesho ndiyo mpaka leo."

Mimi nilimshauri nini? Nilimshauri kifundi. Nikamwambia mshono mbaya ukikaa ndani ya bitana hakuna anayeuona, hao wazungu wa jarida wataijua wapi Choma, anyamaze apate shahada yake. Akaniambia, "Ndiyo, wifi." Hivyohivyo, kwa unyenyekevu, na hapo nilipaswa kushtuka.

Maana tangu siku hiyo Mzaramo aliacha kunitukana. Anakuja asubuhi, "Umeamkaje wifi, za nyumbani?" kama mgeni wa kanisani. Nikimwambia amechelewa kwa sababu alikuwa anachezeshwa ngoma za Kizaramo, anasema samahani. Chakula anagusagusa. Mfaume akaniuliza mkewe ana nini, nikamwambia sayansi imempanda kichwani. Lakini nilimwona mara nyingine amevaa visikizio, anasikiliza ile rekodi, na kutoka kwenye vile visikizio kicheko chembamba kinatoka, naye anatazama ukuta. Roho ilikuwa inamsuta mchana kweupe, mbele ya cherehani yangu.

Makala ikakamilika. Yakabaki mambo mawili. La kwanza, kila mwandishi athibitishe kwa barua pepe kwamba amesoma yote na anasimama nayo kuwa kweli. La pili lilikuwa picha. Dokta alitaka iwekwe picha ya Koleta aliyoipiga Hafsa, amesimama na mbuzi jike mweusi, anacheka meno yote nje. Jarida likasema sawa, ila aliye kwenye picha asomewe kitakachoandikwa chini yake, kwa lugha anayoielewa, kisha atie saini. Hafsa akaniomba nimsindikize. Alisema ni kwa sababu Kisukuma changu ni kizuri kuliko chake, na hilo ni kweli, lakini mtu anayeogopa kwenda mahali peke yake unamjua.

Tulifika Choma jua limeshachangamka. Masanja alikuwa kivulini anasuka kamba, mzee wa makamo, mnene wa sauti. Tukamwamkia, "Shikamoo baba." Akasema, "Marahaba, wanangu. Na wewe Mzaramo, umetuletea nazi au umekuja mikono mitupu kama baba zako?" Koleta akatoka jikoni anafuta mikono kwenye kanga. "Yesu wangu! Huyu bado hajafa tu?" Akamkumbatia Hafsa, akamtingisha. Tukawekewa maziwa ya mgando na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa. Sitawadanganya, yalikuwa matobolwa mazuri, na Hafsa alimeza moja kama anameza kidonge.

Basi ikabidi asome. Akaeleza habari ya picha, kisha akasoma maneno ya chini yake. Sauti yake ilikuwa ndogo, nikambana na kiwiko aongeze. Alipofika kwenye magoti, Masanja akalipuka. Alicheka mpaka akaitupa kamba. "Mimi? Napiga magoti? Koleta, uliyasema haya?" Koleta kajifunika uso na kanga, anacheka, "Sasa mtani kanichokoza, ningemwachaje?" Na Masanja, "Haya, haya, waandike! Na waandike kwamba nikishapiga magoti ananipa na peremende." Tulicheka sote. Hata mimi niliyejua. Mtu yule alikuwa na ucheshi, huwezi kumchukia.

Hafsa akaweka fomu magotini, akatoa kalamu, akamnyooshea Koleta.

Koleta hakuipokea. Hakukataa kwa ubishi wala kwa hofu. Alimtazama mumewe tu, kama mtu anavyotazama mlango anapotaka kutoka. Akasema, "Mpe mwenyewe." Na Masanja alikuwa ameshanyoosha mkono.

"Baba, anatakiwa asaini yule aliye kwenye picha," Hafsa akamwambia.

Masanja akashangaa kwelikweli. "Huyo kwenye picha si mke wangu? Na huyo mbuzi si wangu? Sasa mnataka asaini nani?"

Hakuwa na ubaya hata kidogo. Alikuwa anauliza ili aelekezwe. Koleta ameshaokota vikombe, anarudi jikoni, hilo jambo si lake tena. Nikamtazama Hafsa, naye kanitazama, na ile fomu imelala magotini pake. Mwishowe akasema kalamu haiandiki vizuri, atarudi siku nyingine. Ilikuwa kalamu mpya.

Koleta akatusindikiza hadi barabarani. Njiani akamshika Hafsa mkono, akamwuliza kwa sauti ya chini, sauti nyingine kabisa, "Mtani, wale mbuzi wa kinamama wanakuja lini?"

Hafsa akasema bado ripoti inaandikwa.

"Fanyeni haraka basi. Yule mweusi uliyenipiga naye picha hayupo. Nilikwenda kuchota maji, narudi naona kamba tupu. Nauliza, naambiwa kauzwa. Ndiye niliyekuwa nakamua kwa ajili ya watoto wa marehemu dada yangu." Akaongeza, "Huyo wenu atakuwa na jina langu. Nimeshamsafishia pa kulala. Kila asubuhi nafagia, wenzangu wananicheka wanasema nafagilia mbuzi asiyekuwepo."

Hafsa akasimama katikati ya njia. Akamwambia. Sikutegemea, na sikuweza kumzuia. Akasema, "Koleta, yale maneno yenu ya siku ile, nimeyaandika kama kweli."

Koleta akacheka. Kisha akaona Hafsa hacheki.

"Umeyaandika kwa nani?"

"Kwa wakubwa. Sasa inaonekana wanawake wa hapa mna kauli zote. Inaonekana hamhitaji. Wanataka kusema mbuzi waende kwingine."

Yule mama aliuachia mkono wa wifi yangu. Hakumtukana. Angalau angemtukana! Alisema tu, "Lakini ulikuwepo, mtani. Na wewe ulicheka."

Akageuka akarudi kwake. Kwenye basi Hafsa alilia mpaka kondakta akaniuliza tumefiwa na nani. Nikamwambia ashughulike na tiketi zake. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe sikujua niipeleke kwa nani, maana ule ushauri wa bitana ulikuwa wangu.

Kesho yake akaenda kwa Dokta Elieth. Aliponisimulia nilimwona kabisa Dokta na karanga zake. Kila kitu kilikuwa tayari kwenye kompyuta, barua ya kwenda kwa mhariri imeandikwa, imebaki kubonyeza. Dokta akasema, "Thibitisha upande wako tumalize." Hafsa hakujieleza. Aliweka simu mezani akawasha rekodi yote, tangu kule kuchokoza kwake. Ofisi ikajaa vicheko vya Choma. Jirani akachungulia mlangoni akitabasamu, akidhani kuna sherehe.

Dokta alisikiliza mpaka ile honi ya gari. Akasukuma karanga pembeni. "Hii sauti inayowaita ndama ni yako?"

"Ni yangu."

"Mimi nimeketi na maneno haya miezi yote hii. Nimeyafundisha darasani." Akavua miwani, akafumba macho. "Na niliyapenda sana, Hafsa. Ndiyo maana sikuuliza. Mama yangu mwenyewe hakuwa na kauli hata juu ya kuku."

Hakupiga kelele, yule si mtu wa kelele. Alisimamisha makala. Akaliandikia shirika kwamba matokeo ya Choma yana dosari, wasiyatumie kwanza. Barua ya ufadhili haikutajwa tena, na Hafsa hakuiuliza. Jina lake likaondolewa. Akaomba jambo moja tu, arudi Choma akaulize upya yeye mwenyewe. Dokta akafikiri sana, kisha akamkubalia. "Ila nenda ukaulize. Usiende kutania."

Akaenda, na wakamjibu. Safari hii alipewa kiti. Alipewa maji kwenye glasi iliyofunikwa kisahani. Mmoja mmoja wakaja, wakaketi mbele ya simu yake na mikono mapajani, wakasema nani huuza, nani huamua, nani hupata habari baada ya mnyama kuondoka. Majibu yalikuwa mafupi na ya kweli, ya kutosha kuandika makala nyingine iliyo sahihi. Koleta naye alikuja, akajibu, akainuka. Hafsa alirudi Tabora na kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya, akaikabidhi, akaja kwangu akakaa kwenye marobota ya vitambaa. Nikamwambia amefanya vizuri. Akasema ndiyo.

Na mbuzi walikuja! Hilo nalisema kwa furaha, maana ingeweza kuwa vinginevyo. Makala mpya ilikuwa bado kwa Dokta, inawekwa nukta na mikato yake, lakini shirika lilishasoma majibu yenyewe likaitanguliza kata ya Choma. Siku ya kugawa tulikwenda, mimi kwa udaku wangu, Hafsa kwa sababu hakuweza kutokwenda. Kinamama walikuwa wamevaa kanga za sikukuu. Jina la kila mmoja likaitwa, anatoka mbele, anakabidhiwa kamba yeye mwenyewe, mkononi mwake. Masanja alipiga makofi kwa nguvu kuliko wanaume wote, wala hakuonekana kukerwa na lolote. Koleta aliitwa, akapewa jike la kahawia lenye masikio ya kuning'inia. Alilishika shingoni, akaliinamia akalinusa.

Hafsa akashindwa kujizuia. Nilimwona uso ukimchangamka kwa mara ya kwanza tangu siku ya ile sindano. Akapenya katikati ya watu, akapaza sauti kama zamani, "Wee Koleta! Nawajua nyie Wasukuma! Huyo mbuzi msije mkamla leo leo na ugali!"

Kinamama walionizunguka wakageuka. Wakatazama mikono ya Hafsa, kuona kama ameshika simu. Koleta akanyanyuka, akaweka kanga yake sawa mabegani, akajibu kwa adabu zote, polepole, kama mtu anayetaka kila neno lisikike vizuri.

"Hapana, dada. Hatutamla. Tumeelekezwa, na tumeelewa."

Nikamtazama wifi yangu. Alikuwa bado amesimama palepale, na usoni ana lile tabasamu la mtu anayengoja kutukanwa.